Ugomvi wa Mpaka Ulipogeuzwa Kuwa Kesi ya Uchawi

Msomaji, ng'ombe wako wa maziwa akilala mzima jioni, na asubuhi ukamkuta amekufa, utafanya nini? Mkulima mwenye busara humwita daktari wa mifugo, mzoga ukapasuliwa, na sababu ikatafutwa ndani ya wengu na ini. Lakini wako watu ambao, hata kabla kisu hakijaletwa, wamekwisha kutaja jina la jirani.

Litazame vizuri jina hilo. Mara nyingi si la mtu yeyote tu. Ni la mama mjane ambaye shamba lake limepakana na la yule anayelitaja. Ni la mzee ambaye hajagawa ardhi yake, na watoto wa ndugu yake wamechoka kungoja. Ni la mtu ambaye mahindi yake yalistawi mwaka ambao ya wenzake yalikauka.

Haya si maneno ya kubuni. Mwezi wa Mei 2008, katika nchi ya Kisii, watu wasiopungua 11, wengi wao wazee, walichomwa moto kwa kuitwa wachawi. Mwezi wa Oktoba 2021, huko Marani, pia katika Kisii, akina mama wazee wanne waliuawa kwa shtaka hilohilo. Na huko Kilifi wazee wengi wamekatwa mapanga kwa sababu vichwa vyao vina mvi, hata wako waliopaka nywele rangi nyeusi ili mvi zisionekane. Machifu, polisi na wenyeji wenyewe wamesema mara nyingi kwamba nyuma ya maneno ya uchawi huko Pwani kuna maneno ya ardhi.

Ukurasa huu hautaki kubishana nawe leo kama uchawi uko au hauko. Shabaha yetu ni kukuonyesha jinsi shtaka lenyewe linavyotengenezwa. Na kwa kazi hiyo hatuna budi kwenda mbali kidogo, maana kundi la watu wenye viberiti haliandiki karatasi. Asubuhi kuna majivu tu, na kila mtu anasema hakuwapo. Lakini kiko kijiji kimoja cha wakulima ambako mambo haya yalifanywa mbele ya mahakimu na karani, na karatasi nyingi zimehifadhiwa hata leo. Ndani yake unaweza kusoma nani alishtaki, nani alishtakiwa, na waligombana kwa nini hapo kwanza.

Kijiji hicho kiliitwa Salem Village, katika koloni la Waingereza la Massachusetts huko Marekani. Siku hizi mahali pale panaitwa Danvers. Mwaka wa 1692 wenyeji walikuwa watu wa kulima mahindi, kufuga ng'ombe na nguruwe, na kukata miti. Walikuwa Wakristo wakali wa kushika dini, na walikuwa hodari wa kushtakiana juu ya mipaka.

Mnamo Januari mwaka ule wasichana wawili wa nyumba ya kasisi Samuel Parris, mmoja wa miaka 9 na mwingine wa miaka 11, walishikwa na ugonjwa wa kupiga kelele na kujinyonga viungo. Daktari hakujua dawa. Ikasemwa wamerogwa. Upesi wasichana wengine wakaugua vivyo hivyo, na watu wazima wakawauliza: Ni nani anayewatesa? Basi wakaanza kutaja majina.

SHAMBA LA MAYATIMA

Tarehe 29 Februari wanaume wanne walikwenda kwa mahakimu kushtaki, na wawili kati yao walikuwa wa ukoo mmoja, ukoo wa Putnam. Walioshtakiwa kwanza walikuwa wanawake watatu: Tituba, mtumwa wa kasisi; Sarah Good, mama maskini aliyepita nyumba kwa nyumba akiomba; na Sarah Osborne. Hao wawili wa kwanza hawakuwa na mtu wa kuwasemea. Lakini wa tatu alikuwa na shamba.

Mume wake wa kwanza, Robert Prince, alikufa mwaka wa 1674 akaacha ekari 150. Alitaka ardhi ile iwafikie wanawe wawili waliokuwa bado wadogo, na wasia wake aliukabidhi kwa watu wa ukoo wa Putnam, ambao walikuwa shemeji zake. Mjane akaolewa na Alexander Osborne, aliyekuwa mtumishi wake, nao wawili wakajaribu kulishika shamba liwe lao. Ugomvi huo na akina Putnam ulidumu miaka mingi.

Huenda mama huyu aliwakosea watoto wake. Sisi hatumtetei kwa hilo. Lakini kesi ya urithi ina baraza lake, na huko mtu hushinda au hushindwa kwa hati na mashahidi. Katika kesi ya uchawi alikuwa mama mgonjwa, alitolewa kitandani, akafungwa minyororo Boston, akafa gerezani tarehe 10 Mei kabla ya kuhukumiwa.

NGURUWE WA BWANA HOLTON

Mama Rebecca Nurse alikuwa na miaka 71, mzito wa masikio, mcha Mungu, mama wa watoto wengi. Wala hakuwa maskini, na hapo ndipo ilipo habari yetu. Mumewe Francis alikuwa fundi wa kuchonga sinia na vyombo vya mti. Mwaka wa 1678 alichukua shamba kubwa la ekari kama 300, alipe kidogo kidogo kwa miaka 21. Kila mwaka wanawe na wakwe zake walilima na kulipa, na shamba likaendelea vizuri. Unajua mwenyewe jinsi wanakijiji wanavyomtazama fundi wa sinia aliyegeuka mwenye ekari 300.

Tena Mama Rebecca alizaliwa katika ukoo wa Towne, wa mji wa jirani uitwao Topsfield. Watu wa Topsfield na akina Putnam waligombania mpaka kwa miaka mingi, kila upande ukikata miti na kusema huu ni msitu wetu. Na tena Francis Nurse alikuwa katika kamati ya kijiji iliyochaguliwa Oktoba 1691, ambayo ilikataa kutoza watu kodi ya mshahara wa kasisi Parris. Basi hesabu mwenyewe: mpaka, mali, na mshahara. Yote matatu yalikuwapo kabla ya msichana hata mmoja kuugua.

Sasa sikiliza ushahidi mmoja uliotolewa juu yake. Mjane wa Bwana Benjamin Holton alisema kwamba miaka kama mitatu nyuma nguruwe wao waliingia katika shamba la akina Nurse. Mama Rebecca akaja asubuhi amekasirika, akagomba, akamwambia mwanawe alete bunduki awapige nguruwe wale. Mjane akaongeza kwamba nguruwe walikuwa wamefungwa mti shingoni kama ilivyotakiwa, na kwamba ua wa akina Nurse ndio uliokuwa umeanguka mahali pengi. Baadaye kidogo Bwana Holton akaanza kuumwa tumbo na kupoteza macho, na kabla ya nusu ya mwaka akafa.

Huo ndio ushahidi: nguruwe, ua mbovu, na mama aliyekasirika kwa sababu bustani yake imeliwa. Kama hasira juu ya mifugo iliyoingia shambani ni uchawi, basi hakuna mkulima hata mmoja katika Kenya aliye salama.

Majirani 39 walitia majina yao kwenye karatasi ya kumtetea, na hilo lilitaka moyo, maana aliyemtetea mchawi aliweza kutajwa kesho yake. Wazee 12 wa juri wakasema hana hatia. Hapo wasichana wakapiga makelele barazani, hakimu mkuu akawaambia wazee wafikiri tena juu ya neno moja alilolisema, wakatoka, wakarudi, wakasema ana hatia. Alinyongwa tarehe 19 Julai 1692. Dada yake Mary Easty alinyongwa Septemba 22. Huyo, alipojua hataokoka, aliwaandikia mahakimu kwamba haombi uhai wake, anaomba tu damu ya wengine wasio na hatia isimwagwe.

USAHA WA BENJAMIN ABBOT

Katika mji wa jirani, Andover, iko kesi nyingine ambayo kila mwenye shamba ataielewa. Bwana Benjamin Abbot alipewa kipande cha ardhi karibu na cha mume wa Martha Carrier. Mama Carrier alikuwa mtu wa maneno makali. Akamwambia Abbot kwamba atamganda kama gome linavyougandia mti, na kwamba kabla ya miaka saba atajuta. Baada ya maneno haya mguu wa Abbot ukavimba. Halafu akatokwa na jipu ubavuni, na daktari alipolitumbua, usaha ukatoka wa galoni kadhaa, kwa hesabu yake mwenyewe. (Galoni kadhaa! Mtu akishaanza kutoa ushahidi wa namna hii hana kipimo.) Siku Mama Carrier alipokamatwa, Abbot alisema, alianza kupata nafuu.

Tazama jinsi mambo yalivyopangwa. Kwanza ardhi, halafu maneno ya hasira, halafu ugonjwa. Kila mtu huugua siku moja, na kila kijiji kina ugomvi. Basi ukitaka kuviunganisha viwili hivi hutakosa kamwe. Wana wawili wa Mama Carrier walifungwa shingo na visigino pamoja mpaka damu ikakaribia kuwatoka puani, wakakiri na kumtaja mama yao. Alinyongwa Agosti 19.

Wala usidhani kila shahidi alikuwa mwongo anayejua kwamba anasema uongo. Watoto waliteseka kweli, au waliamini hivyo. Kaskazini mwa nchi ile kulikuwa na vita na wenyeji wa asili, na watu waliokimbia mashamba yaliyochomwa walikuja na habari za kutisha. Hofu ilikuwa nyingi. Lakini hofu haina macho ya kuchagua. Kwa nini ikamwangukia Nurse, na si jirani yake wa upande wa pili? Bwana Thomas Putnam, ambaye jina lake liko kwenye mashtaka mengi na mkono wake uliandika ushahidi wa watu wengi, alikuwa na uchungu wake nyumbani. Baba yake alioa mke wa pili, akamzaa Joseph, na alipokufa mwaka wa 1686 mtoto huyo wa mke mdogo ndiye aliyepata sehemu nono. Ni jambo ambalo hata kwetu linajulikana sana. Binti yake Thomas, aitwaye Ann, wa miaka 12, alikuwa mmoja wa wasichana waliotaja watu wengi zaidi.

Miaka kumi na minne baadaye, mwaka wa 1706, Ann Putnam alisimama kanisani na ungamo lake likasomwa mbele ya watu wote. Alisema hakufanya kwa hasira wala chuki, bali alidanganywa na Shetani. Akataja hasa jinsi alivyosaidia kumshtaki Mama Nurse na dada zake wawili. Mtoto wa miaka 12 huenda kweli hana chuki yake mwenyewe. Lakini mtoto husikia yanayosemwa mezani baba akila, na jina linalosemwa kwa uchungu kila jioni ndilo linalomjia kinywani.

NANI ALIKULA?

Mwanzo wa shtaka ulikuwa wivu, na mwisho wake ulikuwa mali. Mkuu wa askari wa wilaya, kijana George Corwin, alikuwa mtoto wa ndugu yake hakimu mmoja katika baraza lile. Mzee John Proctor, mkulima na mwenye nyumba ya kuuza vileo, alishtakiwa baada ya kumkemea mtumishi wake wa kike kwa kelele zake. Yeye na mkewe wakiwa bado gerezani, Corwin alikuja nyumbani. Akachukua ng'ombe, wengine akawauza kwa nusu ya bei, wengine akawachinja nyama yao iuzwe ng'ambo. Akamwaga bia iliyokuwa katika pipa apate kuchukua pipa. Akamwaga mchuzi uliokuwa chunguni apate kuchukua chungu. Watoto wakaachwa bila kitu.

Kwa Mzee George Jacobs, aliyetembea kwa fimbo mbili, walichukua ng'ombe watano, majani makavu ya mifugo, mahindi, matofaa, farasi jike, hata pete ya arusi ya mkewe. Mjukuu wake Margaret alikuwa mmoja wa waliomshtaki. Aliogopa kufa, akakiri kwamba yeye ni mchawi, akamtaja babu. Halafu dhamiri ikamchoma, akakana maneno yake akijua anaweza kunyongwa kwa kukana. Babu alinyongwa. Margaret aliokoka kwa sababu alikuwa mgonjwa siku ya kesi yake.

Jambo hili la kukiri ulishike, maana ndilo lililoeneza moto. Katika mwaka ule wa 1692, hakuna hata mtu mmoja aliyekiri na kushikilia ungamo lake aliyenyongwa. Walionyongwa ni wale waliosema kweli, kwamba si wachawi. Na aliyekiri aliulizwa awataje wenzake. Kwa hiyo kila ungamo lilizaa mashtaka mengine. Ushahidi nao ulikuwa wa ajabu: msichana akisema ameona kivuli cha mtu kikimkaba usiku, ilitosha. Ukisema ulikuwa nyumbani umelala, wanasema mwili ulilala, kivuli ndicho kilichotembea. Sasa mtu atajiteteaje?

Mzee Giles Corey, mwenye zaidi ya miaka 80, aliwaandikia wakwe zake wawili hati ya shamba lake akiwa gerezani mwezi wa Julai. Alipoletwa barazani akakataa kuingia katika kesi ile. Wakamlaza chini, wakamwekea mawe mazito juu ya kifua mpaka akafa, tarehe 19 Septemba. Shamba liliwafikia wakwe, lakini hata hivyo Corwin aliwatisha mpaka wakamlipa pauni 11 na shilingi 6.

Oktoba gavana William Phips alilivunja baraza lile. Wakati huo walikuwa wamenyongwa watu 19, wanawake 14 na wanaume 5, na Mzee Corey chini ya mawe, na wengine wasiopungua watano walikufa gerezani. Zaidi ya watu 150 walikuwa wamekamatwa. Inasemekana hata mke wa gavana alikuwa ameanza kutajwa, na hapo wakubwa wakaona upesi ubaya wa ushahidi wa vivuli. Wafungwa walitakiwa walipe chakula na minyororo yao wenyewe kabla ya kutoka. Mama mmoja mzee, Lydia Dustin, alionekana hana hatia akafia gerezani Machi 1693 kwa kukosa fedha hizo.

Mwaka wa 1711 serikali ya koloni ililipa fidia ya pauni 578 na shilingi 12. Jamaa za Proctor walipata pauni 150, za Jacobs 79, za Mama Nurse 25. Na pauni 30 zilichukuliwa na William Good, mume wa yule Sarah aliyekuwa akiomba nyumba kwa nyumba. Mwanamume huyo ndiye aliyesema mbele ya mahakimu, mkewe akisikia, kwamba anaogopa mke wake ni mchawi au atakuwa mmoja karibuni.

UKISIKIA JINA LIKITAJWA KWENU

Turudi kwetu. Kuna mambo ambayo mkulima anaweza kufanya kabla mambo hayajafika penye viberiti, wala hayahitaji elimu kubwa. Ukisikia jirani ametajwa, usiulize kwanza kama kweli anaroga. Uliza nani anapakana naye, nani atalima kipande kile akiondoka, na ni ugomvi gani uliokuwapo kabla ya ugonjwa. Uliza pia jina lilitoka kinywani mwa nani kwanza, kwa maana mara nyingi huyo hatakuwapo siku ya kufanya fujo. Atakuwa amewaachia vijana.

Mtoto mgonjwa apelekwe hospitali na mnyama aliyekufa apasuliwe na daktari wa mifugo, na majibu yasemwe wazi mbele ya watu, kwa sababu sababu inayojulikana huwanyima wachongezi nafasi. Mzee mwenye ardhi na aandike mambo yake mapema, na kila mtoto ajue. Mpaka uliobishaniwa na upimwe na watu wa ardhi, mashahidi wakiwapo. Watu wa Topsfield na akina Putnam wangalipimiwa ule msitu wakaridhika, huenda karatasi nyingi za kesi ile zisingeandikwa.

Tena fahamu kwamba Sheria ya Uchawi ya Kenya, iliyotungwa mwaka wa 1925, haikuwagusa wachawi peke yao. Iliweka kuwa ni kosa mtu kumwita mwenzake mchawi au kumtisha kwa shtaka hilo, isipokuwa amepeleka neno lake kwa chifu, polisi au mkubwa mwingine wa serikali. Anayesimama sokoni au penye matanga akataja jina la mtu, huyo ndiye aliyevunja sheria, hata kabla jiwe halijatupwa.

Na ukipita Ganze, katika Kilifi, ulizia Kaya Godoma. Huko wamehifadhiwa wazee waliokimbia vijiji vyao baada ya kuitwa wachawi, wengine wakiwa na makovu ya panga. Wako miongoni mwao wenye mashamba yao wenyewe walikotoka, lakini hawathubutu kulala huko.